Umeajiriwa Shuleni Washington? Usiache Siku 31 Zikupite

Kuendesha basi la shule, kusaidia walimu darasani, kuhudumu kantini, kufanya usafi: mshahara wa kazi hizi si wa kujivunia. Thamani yake iko kwenye bima ya afya ya familia. Ajabu ni kwamba wengi wetu wahamiaji tukiitwa kazini tunauliza tutalipwa dola ngapi kwa saa, na saa zenyewe ni ngapi hatuulizi.

Tangu Januari 2020, wafanyakazi wa shule za umma za jimbo la Washington wako chini ya mpango mmoja wa mafao, SEBB. Ili uingie, mwajiri lazima awe anatarajia utafanya kazi angalau saa 630 katika mwaka wa shule, yaani Septemba 1 hadi Agosti 31. Piga hesabu. Siku za masomo ni 180, kwa hiyo saa tatu na nusu kwa siku zinakufikisha 630 kamili. Aliyepewa saa tatu anaishia 540, na bima anaisikia kwa wenzake. Lakini saa za kazi mbili ndani ya wilaya moja ya shule hujumlishwa, asubuhi basi, mchana kantini. Za wilaya mbili tofauti hazijumlishwi. Ukipewa saa tatu, uliza kabla hujasaini kama ipo nusu saa ya kusimamia watoto wakati wa chakula.

Ukishastahili, una siku 31 za kuchagua bima na kuandikisha familia. Ukikaa kimya hawakuachi bila bima. Wanakuchagulia wao, tena wewe peke yako. Mke, mume na watoto hawamo. Na kwa kuwa hukujibu swali la kama unatumia tumbaku, unakatwa dola 25 zaidi kila mwezi hata kama sigara hujawahi kuishika. Hiyo ni dola 300 kwa mwaka kwa swali la ndiyo au hapana! Bima ya meno na ya macho huikatwi chochote, mwajiri analipa mchango wote.

Sasa tuje kwenye familia, maana hapa ndipo tunapokwama. Mtumishi wa serikali aliyetoka Tanzania amezoea kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ambayo wazazi na hata wakwe wanaweza kuingia kama wategemezi. Huku hakuna. Anayehesabiwa ni mwenzi wako na watoto wako hadi watimize miaka 26. Mtoto wa dada unayemlea tangu akiwa mdogo si wako mbele ya bima, mpaka uwe na hati ya mahakama inayokupa ulezi wa kisheria. Anzeni kuishughulikia hiyo hati mapema, msingoje augue.

Kwa mwenzi wataomba ushahidi: fomu ya kodi ya serikali kuu inayowataja wote wawili, au cheti cha ndoa pamoja na bili au taarifa ya benki ya karibuni yenye majina yenu. Cheti cha Kiswahili au Kifaransa kinahitaji tafsiri ya mtaalamu. Ya binamu anayejua Kiingereza haitoshi. Ukioa, ukiolewa au ukijifungua baadaye, una siku 60 za kumwongeza mtu. Zikipita, subiri dirisha la kila mwaka linalofunguliwa msimu wa vuli.

Mama aliyekuja kuishi nanyi haingii kwenye bima yako, ila akiugua sana sheria ya jimbo inaweza kukupa hadi wiki 12 za likizo yenye malipo kumuuguza, ukiwa umefikisha saa 820 za kazi. Hiyo inaombwa idara ya ajira ya jimbo, si shuleni.

Na ukiamua kuondoka, bima hukoma mwisho wa mwezi ambao ajira imekoma. Kwa hiyo kabla hujaandika Juni kwenye barua ya kuacha kazi, iulize ofisi ya utumishi kama tarehe inaweza kuwa Agosti 31.