Sungura wa nyumbani na dawa ya minyoo: usinunue chupa kabla hujafanya hizi hatua

Swali naloulizwa sana hapa mtaani, hasa na wazazi walionunulia watoto sungura, ni hili: "Mama, si sungura pia wanapewa dawa ya minyoo kila miezi 3 kama mbwa?" Hapana. Sungura mzima, anayekula vizuri na kukaa kwa keji safi, anaweza kuishi miaka bila kuhitaji hiyo dawa, na ukimpa ovyo unaweza kumuumiza.

Nafuga hapa Kasarani miaka 9 sasa. Mwaka wangu wa pili, mvua ya Aprili, watoto 6 wa sungura wa wiki 7 walianza kuharisha, matumbo yakafura, na mimi nikakimbia agroveti nikasema "wana minyoo". Hakuna aliyeniuliza uzito wala umri, nikapewa albendazole, dawa ya minyoo ya mbuzi, nikaambiwa niwape kijiko kila mmoja. Siku ya nne walikuwa wamebaki 2. Daktari alipompasua mmoja aliyekufa, ini lilikuwa na madoa meupe kila mahali na matumbo hayakuwa na mnyoo hata mmoja, ilikuwa ni koksidia, vijidudu vidogo sana ambavyo si minyoo. Bado inaniuma, ndio maana naandika hii.

Hatua ya 1: jua unaona nini

Chukua tochi ya simu uangalie mavi na sehemu ya nyuma ya sungura. Mavi ya kawaida ni punje kavu za duara, alafu kuna yale laini yanayong'aa yameshikana kama kichala cha zabibu, hayo anayala mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma na ndiyo yanampa vitamini, kwa hivyo usiyaite kuhara.

Ukiona vinyuzi vyeupe vyembamba kama uzi wa kushonea, urefu kati ya milimita 4 na 11, vimelalia punje, hiyo ni minyoo ya kweli. Jina lake la kitaalamu ni Passalurus ambiguus. Inakaa mwisho wa utumbo na kwa sungura mkubwa mara nyingi haileti shida kubwa. Watoto wako pia wasiogope kumshika, juu minyoo hii haiambukizi binadamu, ile ya watu ni aina nyingine, ila mikono wanawe tu kama kawaida.

Ukiona mtoto wa sungura wa mwezi 1 hadi 4 anaharisha, tumbo limefura, mgongo umebaki mifupa, shuku koksidia kwanza. Hao si minyoo, ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na dawa ya minyoo haiwagusi kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, wanatibu kitu ambacho hakipo huku kile kilichopo kinaendelea kuua. Koksidia ina dawa zake, kama za jamii ya salfa au toltrazuril, na kipimo ampangie daktari siku hiyo hiyo, si wiki ijayo, mtoto wa sungura anakufa haraka sana.

Ukiona funza wanatembea kwa manyoya yaliyolowa karibu na mkundu, hao ni mabuu ya inzi na wanamla akiwa hai. Usitafute dawa ya minyoo, beba mnyama uende kwa daktari saa hiyo.

Na kama kichwa kimepinda upande mmoja, au miguu ya nyuma imelegea, hiyo inaweza kuwa Encephalitozoon cuniculi, kimelea kinachosambaa kwa mkojo. Sungura wa hivyo daktari anaweza kumpa fenbendazole, ambayo ni dawa ya minyoo, kila siku kwa siku 28, na nadhani ndiyo sababu watu wamesikia kwamba sungura "lazima" wapewe dawa ya minyoo. Ni dawa ile ile lakini kazi ni tofauti.

Hatua ya 2: peleka mavi yapimwe

Okota punje 10 hadi 15 mbichi, changanya za siku 3 tofauti juu mayai hayatoki kila siku, weka kwa mkebe safi wenye kifuniko, hifadhi kwa friji ya kawaida na usigandishe. Pale Upper Kabete kuna Chuo Kikuu cha Nairobi upande wa madaktari wa mifugo, na maabara ya serikali ya mifugo pia iko Kabete, ama daktari wako wa mtaani akiwa na hadubini anaweza kufanya mwenyewe. Wanakoroga mavi kwa maji ya chumvi nyingi, mayai yanaelea juu, wanaangalia. Omba wapime minyoo NA koksidia, taja zote mbili. Alafu jua kwamba koksidia wachache kwa sungura mkubwa mwenye afya ni kawaida, matokeo yasome pamoja na daktari anayemwona mnyama.

Majibu yakisema hakuna kitu na sungura anakula, umemaliza. Ruka uende hatua ya 5.

Hatua ya 3: pima uzito, usikadirie

Weka beseni kwa mizani ya jikoni, soma, weka sungura ndani, soma tena, toa. Kama huna mizani muombe mama mboga, wangu huniruhusu nikiweka taulo chini.

Hatua ya 4: hesabu na umpe

Minyoo ikithibitishwa, dawa ambayo madaktari wengi hutumia kwa sungura ni fenbendazole, miligramu 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku kwa siku 5, alafu wanarudia baada ya wiki 2. Mthibitishie daktari wako kwanza, hasa kama ni jike mwenye mimba. Albendazole mimi siigusi tena, inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu na kuumiza mimba.

Sasa soma chupa pole pole, hapa ndio hatari. Sungura wa kilo 2.4 anahitaji miligramu 48. Chupa iliyoandikwa 10% ina miligramu 100 kwa kila mili, kwa hivyo ni karibu nusu mili. Chupa ya 2.5% ina miligramu 25 kwa mili, hapo ni karibu mili 2. Ukichanganya hizo chupa mbili ukampa mili 2 za ile ya 10% umempa mara nne ya kipimo. Andika hesabu kwa karatasi, mpe mtu mwingine aikague, tumia sirinji ya mili 1 isiyo na sindano.

Tikisa chupa. Mfunge sungura kwa taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu nje, miguu yote chini, usimlaze chali. Ingiza sirinji kwa pembeni, ile nafasi wazi nyuma ya meno ya mbele, sukuma kidogo, ngoja ameze, sukuma tena. Usimfungishe njaa kabla ya dawa, utumbo wa sungura haufai kusimama. Usiweke kwa maji ya kunywa, hutajua amekunywa ngapi.

Hatua ya 5: keji na nyasi

Bila hii unarudi mwanzo. Toa mavi kila siku, sakafu iwe ya wavu au mbao zenye nafasi ili yaanguke, osha kwa maji yaliyochemka na uanike kwa jua mpaka ikauke kabisa. Blichi haiui mayai ya koksidia, joto na ukavu ndivyo vinaua, kwa hivyo miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ongeza bidii. Hei, yaani nyasi kavu, iwe kwa kishikio, isitupwe chini.

Na nyasi za kando ya barabara mimi niliacha kabisa. Mbwa wanaozurura wanajisaidia pale, mayai ya tegu wao Taenia pisiformis yanaingia kwa sungura, mabuu yanapita kwa ini na kukaa tumboni kama vifuko vya maji saizi ya minji. Kupima mavi hakuonyeshi hiyo. Kwa hivyo anayepaswa kupewa dawa ya tegu kwa ratiba ni mbwa wako, na ukichinja sungura usimtupie mbwa matumbo mabichi.

Ukimaliza ile raundi ya pili ngoja wiki 2, okota mavi mengine upeleke tena. Katikati ya hapo, sungura akikaa masaa 12 bila kula ama bila kutoa mavi, acha dawa, mpigie daktari.