Namna ya kukaa na mtoto mbele ya televisheni

Mwaka jana binti yangu wa miaka saba alisukuma sahani ya ugali wa uwele na mlenda, akasema, "Mama, hiki chakula cha watu wa kijijini." Neno hilo hakulisikia kwangu, wala kwa bibi yake kule Mvumi. Lilitoka kwenye tamthilia. Niliumia sana, nikazima televisheni wiki mbili. Ikawa anaenda kuangalia kwa jirani, na kaka yake nikamkuta kwenye kibanda umiza, kabanana na wanaume wazima wanaangalia filamu za kuchinjana. Tangu hapo, badala ya kuzima, nakaa nao. Hivi ndivyo ninavyofanya hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma.

Kwanza, itoe televisheni chumbani kwa watoto. Yangu ipo sebuleni karibu na cherehani, naisikia hata nikiwa nashona. Pili, kubalianeni vipindi vya siku kabla hamjawasha. Hapa wazazi wengi tunakwama, na si ajabu: Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, lakini huku Bara tulisubiri hadi 1994. Mimi nimekua na redio tu, kwa hiyo mama yangu hakuwa na la kunielekeza juu ya jambo hili.

Kazi kubwa ipo kwenye matangazo. Tangazo likianza, mwambie mtoto apige kofi kila picha inapobadilika. Wangu alichoka mikono kabla halijaisha, na hapo akaona mwenyewe anavyokimbizwa. Kisha muulize: Wanauza nini? Nani kalipa ili sisi tuone? Kitu gani hawajatuonyesha? Usimjibie. Akikaa kimya, mwache, tangazo hilohilo litarudi baada ya dakika chache.

Halafu mpe kitu chenyewe mkononi. Watoto walinisumbua kuhusu juisi fulani ya pakiti yenye picha ya shada la zabibu. Ulikuwa mwezi wa tatu, zabibu za Mpunguzi zimejaa sokoni Majengo, nikanunua vyote viwili. Zabibu tukaziponda kwa mwiko na kuzichuja kwa chujio la chai. Juisi ya pakiti tukaimimina kwenye kikombe cha pili. Ya kwetu ilikuwa na ukungu na rangi iliyofifia, ile nyingine inang'aa kama wino. Tukasoma maandishi madogo ubavuni mwa pakiti: maji, sukari, rangi, ladha. Zabibu haikutajwa popote. Binti akaonja vyote, akapenda ya pakiti kwa utamu wake, nami sikumbishia. Ila baada ya muda akauliza mwenyewe, "Sasa mbona wamechora zabibu?" Swali hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Tamthilia zinataka uvumilivu zaidi, hasa zile za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili, maana mtoto anasikia lugha ya nyumbani na anadhani maisha ndiyo hayo. Subiri mapumziko, uliza mambo ya kawaida kabisa. Sufuria za nyumba ile anaosha nani? Huyu mama analipwa na nani? Mbona anayetoka kijijini ndiye anachekwa kila siku? Hilo la mwisho tulilizungumza jioni nzima, na Jumamosi nikampeleka Mvumi akachume mlenda na bibi yake, akaupike mwenyewe. Sahani ile aliimaliza.

Taarifa ya habari ya saa mbili naiangalia na mkubwa tu. Wadogo wanakwenda kuoga, kwa sababu picha za ajali zinawakosesha usingizi.

Kama unarudi usiku, mfundishe dada wa kazi yale maswali ya matangazo. Wangu anayajua kwa kichwa. Na siku ambayo hakuna mtu mzima wa kukaa nao, kadi ya king'amuzi inalala kwenye droo ya cherehani.