Somo: Kuni za misonobari iliyouawa na dumuzi (mende wadogo wa magome), British Columbia, Kanada

Kila ifikapo Septemba Waswahili wenzangu wa huku Prince George huniuliza lile lile: ile misonobari mikavu inakatwaje? Naandika mara moja, msome mpaka mwisho.

1. Kibali cha kuni za nyumbani. Ni bure, tembea nacho. Kuuza hairuhusiwi.

2. Chagua mti. Dumuzi hawa wameshambulia zaidi ya hekta milioni 18 za jimbo tangu miaka ya 1990, maana ile baridi kali ya kuua mabuu chini ya gome imekuwa adimu. Mti wa kijani wenye madonge ya utomvu kwenye gome bado una mabuu, usiwasafirishe. Wa kijivu, uliopukutisha majani yote, ndio kuni.

3. Kuangusha. Hapa nisikilizeni. Mwaka wangu wa pili mti uligoma kulala, nikaanza kupiga kabari kwa nyundo. Mti mbichi hunyumbuka. Mkavu hutetemeka mpaka kileleni. Pigo la tatu nikasikia "ka!", kilele chenye urefu wa mita tatu kikashuka wima, kikajichimbia hatua moja kutoka dumu la petroli. Kofia ngumu nilikuwa nimeiacha garini. Sasa natazama juu kabla sijawasha chenso. Siku ya upepo siendi, peke yangu siendi, na mwenzangu husimama mbali, urefu wa miti miwili. Shina likilia tupu ukiligonga, limeoza, liache. Kama hujawahi kuangusha mti, chukua iliyokwisha kulala.

4. Pasua, panga, funika juu tu.

5. Pima unyevu, kwa kipima unyevu, kwenye uso uliopasuliwa sasa hivi. Chini ya asilimia 20, choma.

MASWALI

— Naweza kuwauzia majirani?
Hatua ya 1.

— Mti una miaka kumi umekufa, nipime cha nini?
Kwa sababu sehemu ya chini hunyonya maji ya ardhini. Pima.

— Shikamoo mzee. Kuni zangu zina rangi ya bluu ndani, ni sumu?
Marahaba mwanangu, umeangalia vizuri. Ni kuvu wanaobebwa na dumuzi. Huziba njia za maji, mti ukafa kwa kiu. Moto wake ni ule ule, na mafundi hutengeneza meza nzuri kwa mbao hizo. Ogopa vumbi lake. Mwaka 2012 viwanda viwili vya mbao, Burns Lake na hapa mjini, vililipuka kwa vumbi, watu wanne wakafa. Vyote vilikuwa vikipasua misonobari hii mikavu. Ukikatia karakanani, fagia kila siku na usiwashe moto humo.

— Si imekufa? Tuimalize yote basi.
Hapana dada. Ukiona tundu la kigong'ota, hiyo ni nyumba ya ndege, pita. Kwanza ulizia marundo ya matawi yanayoachwa na wakataji kando ya barabara. Mengi huchomwa pale pale, joto linapotea bure.

— Majivu msitupe jamani, mimi namwaga kwenye ngazi yenye barafu, hatutelezi.
Vizuri sana. Ila yakae kwanza siku kadhaa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta. Kaa la moto hujificha humo.