Jinsi ya kusoma mkakati wa nyuklia wa nchi bila kuchanganya namba (mimi ilinila usiku mzima)

Juzi mtoto wa mamkubwa, yuko mwaka wa tatu anasoma uhusiano wa kimataifa, kanipigia kachanganyikiwa, ripoti yake ya mkakati wa usalama wa Marekani imerudishwa na msimamizi, jedwali lote limechorwa kalamu nyekundu. Kunitumia picha nikacheka, maana kosa lenyewe nilishalifanya mimi, tena kazini. Tumekaa nalo Jumamosi nzima, sasa naweka hapa tulivyofanya.

Hatua ya 1: pata nyaraka yenyewe

Daunlodi ya serikali, achana na habari zinazoielezea. Angalizo moja tu, ile ya Marekani ya 2022 imo kwenye pdf moja pamoja na mkakati wa ulinzi na mapitio ya kinga ya makombora, shuka mpaka ukute Nuclear Posture Review, yaani mapitio ya sera ya nyuklia. Dogo alikuwa anasoma sehemu siyo.

Hatua ya 2: tafuta silaha ni za kazi gani

Kabla ya namba yoyote tafuta sentensi inayosema watazitumia lini. Marekani 2022 wanasema kazi ya msingi ni kuzuia shambulio la nyuklia. Ya msingi, siyo pekee, na hapo ndo pamebeba kila kitu maana wazo la "kazi pekee" walilijadili wakalikataa, na la kuahidi kutoanza kutumia nalo wakalikataa. China wao ahadi hiyo wanayo tangu 1964.

Kwa Urusi printi mbili, ya Juni 2020 na ya Novemba 2024, uziweke mezani pamoja ushike kalamu. Ya zamani inasema wakishambuliwa kwa silaha za kawaida watajibu kwa nyuklia pale uhai wa dola ukiwa hatarini, mpya inasema tishio kubwa kwa mamlaka au mipaka yao, na shambulio dhidi ya Belarus, mshirika wao, nalo limeingizwa. Mlango umepanuliwa. Tafadhali usiipe roboti ya akili mnemba ikufupishie, inalainisha maneno hayohayo unayoyatafuta.

Hatua ya 3: namba (hapa kaa kitako)

Vichwa vya nyuklia (ile sehemu ya silaha inayolipuka) vinahesabiwa kwa makundi, na gazeti likiandika "Urusi ina vichwa kadhaa" halikwambii ni kundi gani. Kuna jumla yote, inayobeba hata vilivyostaafishwa vinasubiri kubomolewa. Kuna vya ghala la jeshi, yaani vinavyoweza kutumika. Halafu ndani ya ghala kuna vilivyokwisha fungwa kwenye makombora au kuwekwa kwenye kambi za ndege.

Mimi nilichofanya, nilichukua Urusi 5,580 nikaiweka jirani na Marekani 3,708, zote za SIPRI (taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm) za 2024, nikaandika aya nzima kwamba Urusi imewaacha kwa karibu vichwa 1,900. Bosi akauliza swali moja tu, "hivi ni vya aina moja?" Aisee. 5,580 ni jumla yote na 3,708 ni ghala. Ghala kwa ghala ni 4,380 kwa 3,708, tofauti 672, na jumla kwa jumla ni 5,580 kwa 5,044. Aya nzima nikafuta, na ilikuwa saa tisa usiku.

Halafu usishtuke ukikuta Marekani hiyohiyo ina 3,748. Hiyo ni serikali yao yenyewe waliyoitangaza Julai 2024, ikihesabu mpaka Septemba 2023, wakati SIPRI walikadiria na kuchapisha kabla ya tangazo. Hakuna aliyedanganya. Kwa hiyo kila namba kwenye jedwali iwe na safu tatu pembeni: kundi gani, tarehe gani, katangaza nani au kakadiria nani. Mimi natumia Excel ya kawaida kabisa, hizo programu za kuchora grafu za kuvutia zinaficha safu ya tarehe.

Bado mtego mwingine, New START, mkataba wa Marekani na Urusi wa kupunguza silaha za nyuklia. Kikomo kilikuwa vichwa 1,550, ila ndege ya kudondosha mabomu ilihesabiwa kichwa kimoja hata kama B-52, ndege ya Marekani, inabeba makombora 20. Na mabomu ya nyuklia ya Marekani ya B61 yaliyopo Ulaya hayamo kabisa. Kwa hiyo ile 1,419 ya Marekani ya Machi 2023 ni hesabu ya mkataba, usiichanganye na ya SIPRI. Urusi ilisimamisha ushiriki Februari 2023, na muda wa mkataba uliisha 5 Februari 2026.

Hatua ya 4: teknolojia mpya

Watu wanapenda kuandika "haipasonik" (zaidi ya mara tano ya kasi ya sauti) wakidhani kipya ni kasi. Kombora la zamani la kuvuka bara nalo linakimbia zaidi ya mara 20 ya sauti, kipya kwenye Avangard ya Urusi ni kukata kona na kupita chini rada ikachelewa kuliona. Swali lako liwe kitu hiki kinapunguza dakika za kuamua? Kinachanganya silaha za kawaida na nyuklia? Kombora la DF-26 la China linabeba vyote viwili, aliyerushiwa atajuaje?

Kwenye akili mnemba, Biden na Xi walikubaliana Lima Novemba 2024 kwamba binadamu ndiye aamue kutumia nyuklia. Sawa, ila uliza mashine imemtafunia nini kabla hajaamua. Petrov, afisa wa jeshi la Kisovieti, mwaka 1983 aliambiwa na mfumo wa tahadhari makombora matano ya Marekani yanakuja, kumbe ni jua limeakisi kwenye mawingu, na alikuwa na nafasi ya kutilia shaka. Dogo aliandika "binadamu yupo" akaweka nukta, nikamrudisha.

Hatua ya 5: jaza jedwali

Hapo ni kazi ya nusu saa. Ukifika Uingereza usihangaike, 2021 walipandisha kikomo cha vichwa hadi 260 na kusema idadi ya ghala hawatatoa tena, andika "makadirio" usonge.