Punguza upana wa hesabu kabla ya kugawa rejista
Anayeunda kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa maagizo ya prosesa) ya lugha ya C kwa prosesa ndogo ya biti 8, kama vile ATmega328P, namshauri aanze na upana wa hesabu, yaani idadi ya biti zinazotumika, kabla hajagusa jambo jingine. Kanuni za C hupandisha kila baiti iwe int, aina ya namba kamili ambayo huko ina biti 16, kwa hiyo kujumlisha baiti mbili hudai rejista nne (nafasi za biti 8 za kushikilia namba ndani ya prosesa) na maagizo ya ADD (jumlisha) na ADC (jumlisha pamoja na kilichobebwa), ilhali jibu likihifadhiwa katika baiti moja, ADD peke yake inatosha. Kompaila ianzie kwenye matumizi ya jibu na kurudi nyuma, ikitambua biti zinazohitajika kweli na kuziacha nyingine. Kujumlisha, kutoa na kuzidisha hukubali kupunguzwa hivyo. Kugawanya, kulinganisha na kusogeza biti kulia hakukubali. Chukua (200 + 100) / 2: jibu sahihi ni 150, lakini jumla ikikatwa iwe biti 8 hubaki 44, na mtumiaji hupata 22. Kosa hili ni baya kuliko programu nzito, kwa sababu kifaa kitaendelea kuonyesha namba kana kwamba hakuna kilichoharibika. Rejista zinazookolewa hapa ndizo zinazozuia thamani nyingine kuhamishiwa kwenye RAM, ambayo ni baiti 2,048 tu.