Somo: Kumvua sulisuli na kumrudisha baharini akiwa hai

Wanaoanza uvuvi wa rodi hudhani kumwachia samaki ni kazi ya dakika ya mwisho: unatoa ndoana, unamsukuma, kwaheri. Nimekaa tezi ya boti za uvuvi hapa Watamu misimu kumi na minne, na niliyoyaona ni mengine. Sulisuli atakayeishi hujulikana kabla hajagusa chambo. Hujulikana kwa ndoana uliyofunga jana usiku, kwa breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) uliyopima ungali bandarini, na kwa ulivyopatana na mgeni wako kuhusu picha.

Hatua ya 1: Msimu na maji

Sulisuli hupatikana hata miezi mingine, lakini wakati wake ni kaskazi. Novemba wanaanza kuongezeka, Desemba na Januari wamejaa, na ikifika Februari nduaro (marlin) nao wamechanganyika. Kusi ikishika, boti nyingi hupandishwa pwani zikakwanguliwe na kupakwa rangi.

Si upepo peke yake unaowaleta. Wakati wa kaskazi mkondo unaoshuka kutoka Somalia hukutana na ule unaopanda kutoka Tanzania, na makutano yao huwa baina ya Malindi na Lamu. Hapo maji ya chini yenye rutuba huinuka. Vidagaa hufuata rutuba, na sulisuli hufuata vidagaa. Tena hapa kwetu kina hakiko mbali: sehemu nyingi za pwani ya Kenya, ukitoka kilomita 3 hadi 5 tu, sakafu ya bahari inadondoka. Kwenye Ghuba ya Ungwana pekee ndiko maji mafupi yanakoenea hadi kama kilomita 60.

Usisahau Mto Sabaki. Mvua ikinyesha bara, mto unatapika tope na kaskazi inalisukuma kuja kusini, mpaka unaona mstari baharini kama uliochorwa: upande wa pwani maji ya rangi ya chai ya maziwa, upande wa nje buluu tupu. Endesha sambamba na mstari huo, upande wa buluu. Ukiona membe (ndege wa baharini) wanapiga mbizi sehemu moja na vidagaa wanaruka kama mvua inayonyesha kwenda juu, umefika.

Hatua ya 2: Leseni na mipaka

Uvuvi wa burudani Kenya una leseni yake, chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016. Ikate mapema. Ndani ya hifadhi za taifa za baharini za Watamu na Malindi, zilizotengwa tangu 1968, hakuna kutupa mshipi hata kwa mzaha. Unapita mlangoni, pale penye nafasi ya mwamba, na rodi zako zimelala, ukishatoka ndipo unaanza.

Hatua ya 3: Zana

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Mgeni huja na rodi nyepesi kama ya kuvulia tasi, anataka ajivunie kwamba alipigana na sulisuli saa nzima. Huyo hapigani na samaki, anamuua polepole. Misuli ya samaki anayehangaika hujaa asidi, na akipitiliza hata ukimwacha anaogelea huenda akafa baadaye usipomwona. Sulisuli wetu wengi wana kilo 20 hadi 35. Tumia mshipi wa nguvu ya kilo 15, au hata 24 ukiwa na mgeni asiye na uzoefu. Dakika ishirini ziwe nyingi.

Ndoana iwe ya duara, ile ambayo ncha yake imegeuka kutazama shina, na isiwe imepindishwa upande. Ndoana ya kawaida samaki huimeza ikanasa tumboni au kwenye mashavu ya kupumulia. Ya duara huteleza mpaka pembeni mwa mdomo, ikashika hapo. Iwe ya chuma kinachoshika kutu. Isiyoshika kutu ni nzuri jikoni, mdomoni mwa samaki ni balaa.

Breki ipime bandarini kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa kuvuta kwa mkono na kusema "hii inatosha". Kwa mshipi wa kilo 15, mizani isome kilo 4 hivi, isizidi 5.

Chambo changu ni chuchunge mzima. Ndoana usimzike nayo mwilini. Ifunge kwa uzi juu ya pua yake ili ibaki wazi, maana ya duara ikizikwa haishiki. Kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti, kwa chuchunge ni mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa. Ukienda kasi anazunguka na kuchanika.

Hatua ya 4: Akija nyuma ya boti

Kwanza utaona kivuli, halafu tanga, lile pezi lake kubwa la mgongoni, linachomoza. Sulisuli mwenye hamu huwaka: ubavu wake wa kahawia unageuka zambarau na mistari ya buluu, kama taa imewashwa ndani. Atapiga chambo kwa mdomo wake mrefu kabla ya kukichukua. Usimpokonye! Toa breki, acha rili izunguke huru huku kidole gumba kikiigusa tu isije ikavurugika. Mshipi ukianza kukimbia moja kwa moja, hesabu polepole hadi tano, rudisha breki, kisha zungusha mkono wa rili. Basi. Usiirushe rodi juu kama unayemchapa punda. Ndoana ya duara hujikaza yenyewe, na ukiivuta kwa ghafla unaitoa mdomoni.

Hatua ya 5: Kumleta

Nahodha asisimame tu akitazama, amfuate samaki kwa boti. Sulisuli akiruka, punguza mvuto kwa kuinamisha rodi. Akizama chini na kutulia, boti isogee mbele kidogo umvute kwa pembe nyingine. Ukibaki juu yake mtakaa hapo mpaka afe.

Hatua ya 6: Ubavuni mwa boti

Sikiza hii vizuri. Boti iendelee mbele taratibu, mwendo wa mtu anayetembea. Baharia avae glavu, ashike mshipi wa mbele, kile kipande cha karibu na ndoana, kisha ashike mdomo mrefu wa samaki karibu na uso wake, vidole gumba vikitazamana. Ncha ya mdomo ielekee mbali na kifua chako. Nina kovu kwenye kiganja cha kushoto, la siku niliyokuwa nimeliacha glavu kwenye ndoo.

Kichwa kibaki majini. Sulisuli hajaumbwa kubeba uzito wake hewani, na kule kumgaragaza kwenye ukingo wa boti kunamvua ute unaomkinga ngozi. Mwaka mmoja mgeni alisisitiza tumpandishe ampakate. Nahodha alikubali, mimi nikanyamaza, na sikupaswa kunyamaza. Picha zilichukua kama dakika mbili. Tulipomrudisha alilala ubavu, rangi imekufa, kahawia ya senti ya zamani. Tulizunguka naye nusu saa nimemshika mdomo. Nilipomwachia alizama kwa mkia kwanza. Tangu siku hiyo sharti la picha nalisema kabla hatujang'oa nanga: mgeni anainama, samaki yuko majini, simu iko tayari, unapiga tatu yamekwisha.

Kama mna vitambulisho vya samaki (vidude vyenye namba) vya African Billfish Foundation, shirika lenye makao yake hapa Watamu, huu ndio wakati wa kuchomeka kimoja. Pahali ni mgongoni, chini kidogo ya tanga, mbali na kichwa na mashavu. Andika kadi hapo hapo: tarehe, mahali, urefu wa kukisia kutoka taya la chini hadi panda ya mkia, na hali yake. Kadi inayojazwa jioni barazani ni ya kubuni.

Hatua ya 7: Kumpa pumzi

Ndoana ikiwa pembeni mwa mdomo, itoe kwa koleo. Endelea kumshika huku boti inasonga ili maji yapite kwenye mashavu yake. Usimvute kinyumenyume. Tazama rangi: zambarau ikianza kurudi mgongoni na jicho likizunguka kukutafuta, amezinduka. Utahisi mkia ukipiga mara moja, mara mbili, na mdomo unasukuma kiganja chako. Mwachie akiwa anasukuma yeye, si wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kilifi: *Nahodha, shukran. Ndoana ikimezwa kabisa na huioni, nifanyeje?*

Usichimbe. Kata mshipi karibu na mdomo kadiri mkono unavyofika, mwache aende. Ndiyo sababu nikasema chuma kinachoshika kutu: kitalika chenyewe taratibu. Ukipeleka koleo kooni utachana zaidi ya ndoana yenyewe.

Mwanachama wa Mayungu: *Sisi wa ngalawa tunavua kwa mshipi wa mkono, na sulisuli ni mboga na ada ya shule. Mwatuambia tuwaachie?*

La, ndugu yangu. Somo hili ni la anayevua kwa burudani. Aliyelipa pesa nyingi apate kupigana na samaki, halafu hana haja ya nyama, huyo ndiye wa kumrudisha. Wewe unayekwenda na tanga na kurudi na samaki wawili sina la kukufundisha, labda wewe unifundishe kuvizia mkondo. Ila ukimpata sulisuli mwenye kitambulisho mgongoni, tunza kile kidude na usome namba yake, upime na urefu, kisha kilete. Kwa namba hiyo inajulikana alikotoka, amekua kiasi gani na amekaa baharini muda gani.

Mwanachama wa Mtwapa: *Jana mshipi wetu ulimnasa kasa pezini. Tulimvuta tu hadi botini. Tulikosea?*

Kumvuta kwa mshipi ndiko kosa, kunararua. Mfuate kwa boti, mpandishe kwa wavu au mshike gamba mbele na nyuma, usimbebe kwa mapezi. Mshipi uliomzonga uukate wote, usimwachie na mkia wa nailoni. Akiwa amelegea usidhani amekufa: mlaze kifudifudi, sehemu ya nyuma iinuliwe kama upana wa viganja viwili ili maji yatoke mapafuni, mfunike kitambaa kibichi, mkae kivulini. Huchukua saa nyingi kuzinduka. Hapa Watamu tunawaita Local Ocean Conservation, wana kliniki ya kasa. Kwingine wajulishe KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Na kasa analindwa na sheria, kwa hiyo asiishie nyumbani kwa mtu "kumtazama hali".

Mwanachama wa Diani: *Papa shillingi akitokea, watu husema kuna songoro chini yake. Ni kweli? Naweza kutupa chambo?*

Ni kweli, songoro hupenda kufuatana naye. Lakini usitupe. Papa shillingi anakula viumbe vidogo mno, hana habari na chambo chako, utamchoma ubavuni au mshipi umzonge pezi. Zima pupa, mpishe. Nyangumi nundu vilevile, hasa kuanzia Julai hadi Septemba wanapopita na watoto wao: mimi hukaa mita 100 na injini haisukumi. Mama akiwa na mtoto, naenda mbali zaidi.

Mwanachama wa Malindi: *Na pomboo? Manahodha wengine huwafuata wapate jodari.*

Jodari wa mapezi ya njano huandamana kweli na pomboo wa nje, na mimi mwenyewe huwatazama. Tofauti ni pale unapopita. Pita pembeni, mbele ya membe, usilikate kundi katikati. Ukilikata, pomboo wanazama, jodari wanazama, na boti nyingine nne zilizokuwa zinasubiri zinakutazama kwa macho mabaya.

Mwanachama wa Shimoni: *Eti sulisuli hukimbia kilomita 110 kwa saa?*

Hiyo ni hesabu ya zamani, iliyotokana na mshipi uliotoka kwenye rili. Vipimo vya karibuni vimeonyesha kasi ya chini sana kuliko hiyo. Hata hivyo, ukisharudisha breki na mshipi ukaanza kutoka, kidole gumba kitoe hapo.

Mwanachama wa Kilifi tena: *Papa wakianza kuwala samaki wetu ubavuni mwa boti?*

Ondokeni pale. Akishachukua mmoja, huyo papa na wenzake watawangoja, na kila sulisuli mtakayemwachia hapo akiwa amechoka mtakuwa mmewapelekea. Sogeeni kilomita kadhaa, na kama tayari mnaye mmoja kwenye mshipi, kazeni breki kidogo mmlete haraka, mkate mshipi, msimshike kumpa pumzi. Ni afadhali akimbie amechoka.