Kipindi cha kwanza cha klabu ya uhandisi kwa wasichana wa sekondari

Kipange miezi michache kabla wanafunzi hawajachagua masomo ya kuendelea nayo. Msichana akishaacha fizikia na hisabati, njia nyingi za uhandisi huwa zimefungwa, na hamasa ya baadaye humwachia majuto tu.

Hotuba isizidi dakika 10. Saa moja na nusu inayofuata iwe kazi ya mikono, wawili wawili. Kundi likiwa la watano, mmoja hushika vifaa na wengine wanaandika; likiwa na wavulana, mara nyingi daftari humwangukia msichana.

Kila jozi ipewe betri ya volti 9 na kishikio chake, taa 2 nyekundu za LED, rezista 2 (vipande vya kupunguza mkondo wa umeme) za omu 470, swichi, nyaya 6 na ubao wa kuchomekea saketi. Weka LED za akiba, maana zitaungua.

Hesabu zitangulie. LED nyekundu huchukua takriban volti 2, zinabaki 7. Gawa kwa 470, unapata mkondo wa kama ampea 0.015, yaani miliampea 15. Nyingi za taa hizi huvumilia 20. Je, rezista ingekuwa ya omu 100, ingekuwaje? Waache wakokotoe wenyewe, usiwaharakishe. Hapo ndipo hisabati ya darasani inapoonekana ina kazi.

Taa ikigoma, wakague kwanza mguu mrefu wa LED: uelekee upande wa chanya. Kisha waangalie kama miguu yote miwili imeingia safu moja ya matundu. Matundu matano ya safu hiyo yameunganishwa ndani, kwa hiyo umeme unaipita taa pembeni. Mwisho swichi, na betri ipimwe kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme.

Mwalimu asiguse waya. Akiurekebisha yeye, amemwambia binti bila kutamka kwamba hawezi. Aulize tu: "Umeme umefika wapi?" Na asifu namna binti alivyotafuta kosa, si "akili zake", kwani aliyezoea kusifiwa akili huogopa swali litakalomwumbua.

Mgeni awe mhandisi mwanamke aliyemaliza chuo juzijuzi, si bingwa mwenye vyeo. Aeleze siku yake ya kazi, somo lililomtoa jasho, na ada aliipataje. Wazazi waalikwe nusu saa ya mwisho, na binti ndiye aeleze saketi.

Kipindi cha pili kifanyike kabla ya wiki mbili kupita. Waunganishe LED zote mbili sambamba, yaani kila moja kwenye njia yake ya umeme, na rezista yake. Zikichangia rezista moja, huenda mwanga usilingane, kwa kuwa taa mbili hazifanani kabisa.